Utulivu wa Muuguzi Mkunga ni Sehemu ya Uzazi Salama

Saa tisa usiku katika wodi ya wazazi, muuguzi mkunga anaweza kumpongeza mama aliyejifungua salama, akanawa mikono, akavuka pazia na kumkuta mama mwingine ambaye mapigo ya moyo wa mtoto wake hayasikiki tena. Kati ya vitanda hivyo viwili kuna hatua nne au tano tu. Katika hatua hizo muuguzi anatakiwa kuiacha furaha ya kitanda cha kwanza, kuipokea huzuni ya kitanda cha pili, na wakati huohuo kukumbuka kwamba katika kitanda cha tatu yupo mama anayesubiri kupimwa njia.

Hali hiyo inafahamika kwa kila aliyewahi kushika zamu katika chumba cha kujifungulia. Ni nadra, hata hivyo, kuzungumzwa pale yanapotajwa mafanikio ya sekta ya afya. Majengo huhesabiwa, vitanda huhesabiwa, magari ya wagonjwa huhesabiwa. Uwezo wa muuguzi kuzimudu hisia zake mbele ya mama mwenye uchungu hauna safu yake katika jedwali, ingawa mama huyo ndicho kitu atakachokikumbuka kwa muda mrefu zaidi.

Takwimu zinaonesha kwa nini suala hili linastahili kupewa uzito sasa. Kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, vifo vitokanavyo na uzazi nchini Tanzania vimepungua hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vilivyokadiriwa katika utafiti wa mwaka 2015/16. Katika kipindi hicho, uzazi unaofanyika katika vituo vya kutolea huduma za afya uliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Mafanikio hayo yalitambuliwa kimataifa Februari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipokabidhiwa tuzo ya The Global Goalkeeper na Taasisi ya Gates jijini Dar es Salaam.

Takwimu hizo zina upande wa pili. Mama aliyekuwa akijifungulia nyumbani sasa yupo wodini, na kila aliyeongezeka amepokelewa na mikono ya muuguzi mkunga. Aidha, uzazi takribani mmoja kati ya kila mitano bado unafanyika nje ya kituo cha huduma, wakati Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka vifo vitokanavyo na uzazi viwe chini ya 70 kwa kila vizazi hai 100,000 ifikapo mwaka 2030. Ili kuwafikia akina mama waliobaki, zahanati kuwa karibu hakutoshi. Mama anapaswa kuamini kwamba akifika hapo atapokelewa kwa heshima.

Hofu ya mama na mwendo wa uchungu

Utulivu wa muuguzi una uzito wa kitabibu. Uchungu wa uzazi huendeshwa kwa sehemu kubwa na homoni ya oksitosini, ambayo husababisha mfuko wa uzazi kubana na kuachia. Mama anapoingiwa na hofu kali, mwili wake hutoa adrenalini, nayo huweza kudhoofisha mwendo huo. Kauli ya ukali inayotolewa kwa nia ya kumharakisha mama inaweza, kwa njia hiyo, kuchelewesha jambo lilelile linalotakiwa.

Mapitio ya tafiti 26 yaliyochapishwa mwaka 2017, yakihusisha zaidi ya wanawake 15,000 katika nchi mbalimbali, yalibainisha kuwa mama anayepata mtu wa kumtia moyo muda wote wa uchungu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi zaidi, na uwezekano wa kufanyiwa upasuaji hupungua. Kwa kuzingatia ushahidi wa aina hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, liliweka huduma yenye staha, mawasiliano mazuri na msindikizaji anayechaguliwa na mama mwenyewe miongoni mwa mambo ya msingi.

Tanzania ina ushahidi wake katika jambo hili. Utafiti uliofanyika mkoani Tanga chini ya mradi ulioitwa Staha ulibaini kuwa asilimia 19 ya wanawake waliohojiwa walipokuwa wakitoka kituoni baada ya kujifungua walieleza kutendewa jambo moja au zaidi lisilo la staha. Walipofuatwa majumbani wiki chache baadaye, kiwango kilifikia asilimia 28. Tofauti hiyo inafundisha kwamba mama anaweza kunyamaza mbele ya mlango wa wodi, kisha akasema akiwa kwake, mbele ya dada yake na jirani yake. Maneno hayo ya nyumbani ndiyo yanayoamua mjamzito anayefuata ataelekea wapi.

Hatua zilizochukuliwa baadaye katika mradi huo zina mafunzo zaidi. Jamii na watumishi walikaa pamoja wakakubaliana juu ya mkataba wa huduma kwa mteja. Wodini nako yalifanyika mambo madogo: mapazia ya kumsitiri mama, wanawake kuulizwa maoni yao wanapotoka, watumishi kuzungumzwa nao pale mwenendo wao ulipokuwa na kasoro, na chai kwa walio zamu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilionesha kuwa uwezekano wa mama kutendewa bila staha ulipungua kwa asilimia 66. Chai katika orodha hiyo si mzaha. Mtumishi aliyesimama tangu jioni bila kutia kitu mdomoni hana akiba kubwa ya subira ifikapo alfajiri, na walioendesha mradi huo walilitambua hilo.

Kumeza hisia na kuzimudu hisia

Kwa miaka mingi muuguzi mwema amesifiwa kwa kutoonesha chochote. Hodari ni yule asiyelia, asiyetetemeka, asiyekasirika. Sifa hiyo inachanganya mambo mawili yaliyo tofauti. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kilichotokana na utafiti wa wahudumu wa ndege, alieleza kuwa yapo malipo yanayotolewa kwa ajili ya kazi ya hisia, yaani mfanyakazi hulipwa pia kwa sura na sauti anayoitoa kwa mteja. Alitofautisha kati ya kuvaa tabasamu juu ya hisia isiyobadilika, na kufanya juhudi ya kuibadilisha hisia yenyewe kwa kumtazama mteja kwa jicho jingine. Mwaka 1992, Pam Smith wa Uingereza alitumia mtazamo huo kuchambua kazi ya uuguzi.

Tofauti hiyo inaonekana waziwazi katika chumba cha kujifungulia. Mama anayepiga kelele, anayeng'ang'ania kitanda au anayemsukuma muuguzi mkono anaweza kuonekana mkaidi. Muuguzi anayemeza hasira atanyamaza kwa mara ya kwanza na ya pili, kisha ya tatu itamtoka. Muuguzi anayemtazama mama huyo kama binti wa miaka 19 anayepatwa na jambo asilolijua, mbali na mama yake mzazi, hana hasira kubwa ya kumeza. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kazi ya mkunga ni kuukaribia uchungu huo kadiri inavyowezekana bila kuzama ndani yake.

Kuzimudu hisia kuna mbinu zinazoweza kufundishwa kama unavyofundishwa ushonaji wa msamba. Ya kwanza ni kutulia kwa muda mfupi kabla ya kuvuka pazia: pumzi mbili ndefu wakati wa kunawa mikono au kuvaa glavu hutosha kutenganisha kitanda kimoja na kingine. Ya pili ni kujitambua, muuguzi akajiambia wazi kwamba ana hofu au amekasirika, kwa kuwa hisia iliyotajwa jina ni rahisi kuitawala kuliko ile inayokanwa. Ya tatu ni kushusha sauti makusudi. Katika dharura, maagizo mafupi yanayotajwa kwa jina la mtu, na mtu huyo kuyarudia kabla ya kuyatekeleza, husaidia kuliko kelele za pamoja.

Mbinu ya nne, ambayo wengi huiona ngumu, ni kuomba kupokelewa. Muuguzi anayehisi kwamba uvumilivu umefika ukingoni anapomwambia mwenzake, "Nishikie huyu mama dakika tano," anafanya uamuzi wa kitaalamu. Wodi ambayo ombi hilo linachekwa itapata watumishi wasioliomba, na atakayebeba gharama ni mama aliye kitandani.

Dakika ya hofu na dakika ya habari mbaya

Hofu ina nafasi yake katika ukunga. Mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hofu humwamsha mtaalamu. Tatizo huanza pale mikono inaposahau la kufanya. Mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa anahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza, muda ambao hautoshi kufungua kitabu wala kupiga simu. Kinachobaki ni kile ambacho mikono imezoea.

Hapa ndipo uzoefu wa mpango wa Uzazi Salama, unaojulikana kimataifa kama Safer Births, unapotoa somo kubwa. Mpango huo ulitekelezwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ukijikita katika mazoezi mafupi ya mara kwa mara mahali pa kazi kwa kutumia masanamu ya kufundishia, pamoja na vifaa bora vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto na kumsaidia kupumua. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine yalionesha kupungua kwa vifo vya akina mama katika vituo hivyo kwa takribani asilimia 75, na vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza kwa asilimia 40. Matokeo hayo yalipimwa kwa vifo, wala si kwa hisia. Hata hivyo, ni rahisi kuona kwamba muuguzi aliyelifanyia mazoezi tukio hilo wiki iliyopita huingia katika dharura akiwa na hofu ndogo kuliko yule aliyelisoma chuoni miaka kumi iliyopita. Umahiri ni tiba mojawapo ya hofu.

Dakika ya habari mbaya inadai umahiri wa aina nyingine. Mama aliyempoteza mtoto hapaswi kuipata habari hiyo kutoka kwa muuguzi aliyesimama mlangoni, mbele ya wagonjwa wengine. Taratibu zinazokubalika ni kumtafutia faragha, kuketi naye, kumwita kwa jina, kueleza kwa maneno ya wazi kwamba mtoto amefariki, kisha kunyamaza na kumwacha alie. Aulizwe kama anataka kumwona na kumshika mtoto wake, na uamuzi wake uheshimiwe. Kauli kama "bado kijana, utapata mwingine" husemwa kwa nia njema, lakini humwambia mzazi kwamba huyu aliyeondoka hakuwa mtu. Pale inapowezekana, mama huyo asilazwe kati ya waliopakata watoto wao.

Je, muuguzi naye anaruhusiwa kutokwa na machozi? Machozi machache hayamwondolei mtaalamu heshima yake, na wazazi wengi huyachukua kuwa ushahidi kwamba msiba wao umeonekana. Mpaka upo pale ambapo mfiwa analazimika kumfariji muuguzi. Anayefika hapo anapaswa kupokelewa na mwenzake.

Baada ya zamu

Sehemu ngumu zaidi mara nyingi huja muuguzi anapokuwa ndani ya daladala akirudi nyumbani. Mwaka 2000, daktari Albert Wu wa Marekani alitumia neno "mwathirika wa pili" kumweleza mtumishi wa afya anayeumizwa na tukio baya lililompata mgonjwa wake. Wa kwanza ni mgonjwa na familia yake, na nafasi hiyo haibadiliki. Lakini mtumishi anayerudia usiku kucha kujiuliza alikosea wapi, asiyepata mtu wa kumsikiliza, huelekea kwenye moja ya njia mbili: kuogopa kazi au kufa ganzi.

Kufa ganzi ndiko kunakopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa hufanana na uzoefu. Katika toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, WHO imeueleza uchovu sugu unaotokana na kazi kuwa ni hali inayohusiana na mazingira ya kazi, wala si ugonjwa, ikiwa na dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kihisia na kazi, na kushuka kwa ufanisi. Muuguzi anayewaita akina mama kwa namba za vitanda, asiyejibu salamu na asiyeona tena tofauti kati ya mtoto aliyelia na ambaye hakulia, huenda hakuzaliwa na roho mbaya. Huenda amekaa miaka mingi bila kupokelewa mzigo.

Utaratibu wa mapitio ya vifo vitokanavyo na uzazi na vya watoto wachanga unatoa nafasi nzuri ya kushughulikia jambo hilo. Msingi wake ni kutafuta chanzo cha kifo ili kisijirudie, bila kumnyooshea mtu kidole. Pale kikao kinapogeuka kuwa mahakama, watumishi huficha taarifa na wodi haijifunzi. Kikao kikiongozwa vyema, aliyekuwa zamu husikika, kasoro ya mfumo huonekana, na huzuni hupata mahali pa kutulia. Mbali ya mapitio hayo rasmi, mazungumzo ya dakika kumi mara baada ya tukio, yakihusisha wote walioshiriki akiwemo mhudumu wa usafi, hayahitaji bajeti.

Wajibu wa mfumo, wajibu wa mtumishi

Mwaka 2022, WHO ilitoa mwongozo kuhusu afya ya akili mahali pa kazi unaosisitiza kwamba mafunzo ya mtu mmoja mmoja hayatoshi iwapo mazingira ya kazi yenyewe yanaumiza. Kumfundisha muuguzi kuvuta pumzi huku akiachiwa akina mama wengi kuliko uwezo wa mikono yake ni kumtwisha lawama juu ya mzigo. Ratiba za zamu zinazotoa nafasi ya kupumzika, makabidhiano ya zamu yanayofanyika kwa utulivu, dawa na vifaa vilivyopo kabla ya dharura, na viongozi wa wodi wanaoweza kumtambua mtumishi aliyechoka ni sehemu ya huduma ya afya ya akili kwa maana yake ya kila siku. Ajira za watumishi wa afya nazo zinapaswa kutazamwa kwa jicho hilo pia.

Hata hivyo, mazingira magumu hayahalalishi kumtukana au kumpiga mama anayejifungua. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeliweka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kuwa msimamizi wa maadili ya taaluma, na mwananchi aliyetendewa kinyume ana haki ya kulalamika kwa uongozi wa kituo, kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri au kwa Baraza. Kuelewa chanzo cha kosa ni kwa ajili ya kulizuia lisirudiwe, wala si kwa ajili ya kulifuta. Wauguzi walio wengi, wanaoheshimu kiapo chao, ndio wanaoumizwa zaidi na sifa mbaya ya wachache.

Familia nazo zina sehemu yao. Mjamzito anayehudhuria kliniki mapema, mwenye mpango wa kujifungua na msindikizaji aliyeandaliwa, hupunguza dharura ambazo zingeweza kuepukwa. Dharura inapotokea, mfumo wa M-mama hupatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo, ili mama au mtoto mchanga asafirishwe kufika penye huduma stahiki. Ndugu wanaosubiri nje wana haki ya kupewa taarifa, na wana wajibu wa kutomfokea anayewaletea. Pale huduma inapokuwa nzuri, sanduku la maoni linapokea shukrani kama linavyopokea malalamiko, na karatasi ya namna hiyo husomwa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Kila mwaka, tarehe 5 Mei dunia huadhimisha Siku ya Wakunga, na tarehe 12 Mei Siku ya Wauguzi. Hotuba za siku hizo zingefaa kutenga nafasi kwa swali moja ambalo kila halmashauri inaweza kulijibu bila kusubiri mradi: baada ya kifo wodini, nani humuuliza muuguzi aliyekuwa zamu kama yuko salama, naye humuuliza lini? Kituo chenye jibu kwa swali hilo kina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na muuguzi ambaye, saa tisa usiku, ataweza kutembea zile hatua tano, kuvuka pazia na kumwambia mama kwa sauti ya chini: "Mama, niko hapa."